Bwana Giza na Vipimo vya Wiki ya Sita

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshona nguo. Alikuwa na mdogo mmoja tu, wa kike, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayewasomea, kwa kuwa familia ilimwomba naye hakuwa na uso wa kukataa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, kisha sekondari, na mwaka 1977 akatunukiwa cheti cha ufundi wa maabara. Mama yao alikuwa akisema, "Huyu mkimtuma unga, atapima mpaka vumbi lake."

Januari 1978 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa wanyama. Mwaka 1991 alikabidhiwa utafiti wake wa kwanza: je, vimeng'enya vya ini la panya, vinavyousaidia mwili kutumia chakula, hufanya kazi sawasawa mwangani na gizani? Chumba kimoja kiliwashwa taa kila mchana. Kingine kilizibwa kwa turubai jeusi, hata tundu la ufunguo. Huko aliingia na kitaa chekundu hafifu, tena kwa kupiga hodi. Alipoulizwa anampigia nani hodi, alijibu, "Wenye chumba." Ndipo wenzake wakamwita Bwana Giza.

Utafiti huo ndio ungempeleka masomoni. Kila Jumatatu alipima maini, na kwa wiki tano ilionekana waziwazi tofauti kati ya vyumba hivyo viwili. Wiki ya sita, tofauti hiyo ikatoweka. Alirudia vipimo vya maini hayohayo mara nne, akakonda, mwishowe akamwandikia mkuu wa maabara kwamba mkono wake ndio uliokosea. Nafasi ya masomo akapewa mwingine. Yeye akabaki kuosha vyombo na kurekebisha mizani za wenzake hadi alipostaafu Juni 2016.

Hakukosea. Mdogo wake, aliyetafutiwa kazi ya kulisha panya na kaka huyohuyo, aliingia chumba cha giza Jumamosi iliyotangulia vipimo vya wiki ya sita, akawasha taa kubwa ili atafute hereni iliyomdondoka, akaisahau ikiwaka hadi Jumatatu asubuhi. Akaizima, akanyamaza. Alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi na aliogopa kufukuzwa. Hofu hiyo iliisha baada ya miezi mitatu. Ukimya uliendelea miaka thelathini na mitatu.

Marehemu alifunga ndoa na muuguzi tarehe 17 Agosti 1985, wakajaliwa binti na mwana. Alikuwa akiwazimia watoto taa mapema akisema, "Maini nayo yana ratiba yake, jamani." Watoto hao wamekua wakiamini kwamba baba yao aliharibu kazi yake mwenyewe.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Mchana mmoja wodini alimwambia mdogo wake, "Ile wiki ya sita, mdogo wangu, mpaka leo sijui nilikosea wapi."

"Meza dawa kwanza, kaka," akajibiwa.

Akameza. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake, anayewaomba hawa wote msamaha kwa sababu aliyestahili kuombwa hasikii tena. Mungu ampumzishe kwa amani. Vipimo vyake vilikuwa sahihi.