Muji ya Kuomba Ruhusa

Katika minibasi ya kutoka Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi, mama Chouchou alikuwa anaonyesha papa mumoja, muuza samaki wa Kashikishi, ku simu yake picha za mutoto wake mwanamuke aliyehamia muji moja ya Angleterre, kule Ulaya. Mimi sikutaka kusikiliza, lakini sauti ya mama ilifika hata kwa dereva.

"Papa, hakuna muji muzuri kama ile! Maji ya moto inatoka yenyewe chini ya udongo. Batu banaikunywaka, ni dawa ya magoti, hata kama inanuka mayai ya kuoza."

"Kumbe hii gunia yangu ya samaki iko hospitali," papa akasema.

Sisi tuliokaa karibu na zile samaki kavu hatukujisikia kupona.

"Na manyumba? Ya majiwe, miaka mia mbili! Ukitaka kubadilisha dirisha tu, unaomba ruhusa ku biro ya serikali."

"Basi, iko kambi, mama, kama Mantapala yenu."

Minibasi nzima ikacheka. Mama akazima simu.

"Hapana, papa. Mi naomba ruhusa ya kumufuata mutoto wangu tangu miaka tano. Kule, mutu akiomba, banamujibu."

Tukasimama Kashikishi. Papa akashuka na gunia yake. Harufu ikabaki na sisi.