Shemeji Gundi na Vidonge Alivyoviacha

Wasikilizaji wapendwa, siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mapema, kabla hamjanipigia simu.

Leo tunamkumbuka fundi vioo, mume wa dada yangu. Tulimwita Gundi. Kioo kikimkata, alibonyeza kidole, akahesabu hadi ishirini, damu ikakoma. "Shemeji, damu yangu haina mchezo," alijigamba.

Mwaka jana mshipa wa moyo wake ulikaribia kuziba. Madaktari wakaupanua, wakauwekea kijibomba, wakampa vidonge. Daktari alimwambia mbele yetu: "Damu ina chembe sahani, zile zinazoziba jeraha. Zikikuta ufa ndani ya mshipa, au kitu kigeni kama kijibomba hiki, hudhani ni jeraha pia. Hung'ang'ania, huitana, hurundikana. Vidonge vinazizuia. Usiache hata siku moja."

Hata siku moja, wasikilizaji.

Miezi miwili baadaye kioo kikamkata kidole gumba. Akahesabu hadi ishirini. Akahesabu hadi mia tatu. Kitambaa kizima kikalowa. Kwa mara ya kwanza nikamwona ameogopa. Nami, bingwa wa utani, nikasema: "Shemeji, umekuwa ndoo iliyotoboka! Vipumzishe hivyo vidonge, utavuja mpaka uishe." Tukacheka. Akavipumzisha.

Siku ya tano, asubuhi, nilikuwa karakanani kwake. Alibeba kioo cha kabati. Ghafla akakilaza mezani, taratibu, kisivunjike. Jasho lilimtiririka, na hakukuwa na joto. "Shemeji, kuna mtu amenikalia kifuani." Ndani ya teksi alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nikajikuta nahesabu, sijui kwa nini. Kabla hatujafika, mkono ukalegea.

Donge la damu, daktari alisema. Chembe zile zile zilizokuwa zikimziba majeraha ya vidole ndizo zilizomziba mshipa wa moyo.

Poleni wanawe watatu. Poleni mafundi wenzake. Nawe mwenye vidonge vya moyo kabatini, ukiona damu haikomi, usimwulize mcheshi wa familia. Rudi kwa aliyekuandikia. Upesi.

Jana nilikwenda kwa dada kumwomba radhi. Badala yake nikaanza kujitetea. "Dada, nilikuwa natania tu. Alikuwa mtu mzima, na daktari alishamwonya."

Alikuwa akikunja shati la marehemu. Hakuinua macho.

"Daktari alimwonya mara moja. Wewe umemchekesha miaka kumi na minane. Ulidhani angemsikiliza nani?"