Msasa, Fundi Rangi, na Kifaru Kilichooshwa

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wote mliofika, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yangu, kama mke wake alivyoyapanga, na nimeagizwa nisome taratibu na nisiongeze chumvi. Jina lake la vyeti mmeliona kwenye tangazo pale mlangoni, humu ataitwa Msasa, kwa sababu hilo ndilo aliloitikia.

Msasa alizaliwa nyumbani tarehe 9 Machi 1964, alfajiri, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba dereva wa lori na mama mshonaji, akaanza shule ya msingi Januari 1971 na kuimaliza Novemba 1977, kisha akasoma sekondari kwa miaka miwili, mpaka baba yetu alipovunjika mguu kazini na ikabidi wakubwa watafute cha kufanya. Ripoti yake ya mwisho ya shule bado ipo, mwalimu wa darasa aliandika, "Ana mkono mzuri, mdomo mzito," na waliomfahamu mtakubali kwamba mwalimu yule hakukosea popote.

Tarehe 3 Mei 1982 alipokelewa katika gereji iliyo nyuma ya kiwanda cha magodoro, na kwa miaka miwili mizima hakupewa kazi nyingine ila kupiga msasa milango ya magari, asubuhi mpaka jioni, na hapo ndipo alipopata jina. Baadaye akawa fundi rangi, na kwa miaka thelathini na minane hakuhama gereji ile. Alikuwa akipitisha kiganja kwenye bodi ya gari, macho ameyafumba, anakwambia liligongwa wapi na aliyelinyoosha alikuwa na haraka kiasi gani. Lakini kazi ya rangi ya gari ina jambo moja ambalo watu wengi hawalifikirii, kwamba ikifanywa vizuri haionekani, mteja anaondoka na gari kana kwamba halijawahi kuguswa, na fundi akionekana ujue ameharibu. Mara nyingi akitembea na mkewe barabarani alisimama ghafla, akamwonyesha gari limeegeshwa, akamuuliza, "Unaona kitu?" naye akajibu, "Sioni kitu, twende, jua kali," na Msasa akafurahi mpaka nyumbani.

Mke wake alimpata mwaka 1987, katika chumba cha kufulia cha hoteli, ambako dada huyo alikuwa na miezi minne kazini. Msasa alifika na shati jeupe lenye rangi nyekundu kifuani, akauliza nini kinatoa doa lile, akaambiwa hakuna, alitupe. Wiki iliyofuata akarudi na shati lingine, doa lilelile, mahali palepale, na hapo dada akamwambia kwamba akiendelea hivyo atabaki kifua wazi, bora aseme shida yake. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza binti aliyezaliwa 1990 ambaye ni muuguzi, wa pili kijana wa 1994 ambaye ni fundi umeme, na wa mwisho binti wa 2006, aliyekuja wakati mama yake ameshagawa nguo zote za kichanga.

Kikohozi kilianza mwaka 2016. Enzi za ujana wao mafundi walijifunga kitambaa puani wakaona wamejikinga, na vumbi la msasa na moshi wa rangi vikaenda vilikokwenda. Tarehe 14 Oktoba 2020 daktari wa kifua alimwonyesha picha ya mapafu yake, akamwambia asipulize rangi tena, na tarehe 30 Novemba mwaka huohuo akakabidhi ovaroli zake. Nyumbani alipaka milango yote kwa brashi, akamaliza, akairudia, akapaka geti la jirani bila kuombwa, akaanza kulitazama kabati la vyombo, mpaka mkewe akampigia binti yao mkubwa simu akamwambia, "Mtafutie baba yako kitu cha kushika, kabla sijamfunga kwenye gunia."

Binti alileta boksi tarehe 5 Februari 2023. Ndani mlikuwa na kifaru cha vita, cha plastiki, kimelala vipandevipande kwenye fremu zake, vipande mia tatu na kumi na viwili, vingine vidogo kama punje ya mchele, na kikikamilika kinakuwa kidogo mara thelathini na tano kuliko kifaru chenyewe, yaani kinakaa juu ya sahani ya chakula. Msasa hakuwahi kuwa askari, hata mgambo, na akimwona mbwa wa jirani alizungukia mbali, lakini boksi lile alilifungua kama mtu anayefungua barua. Daktari alikubali, mradi atumie brashi tu, dirisha liwe wazi, na gundi aifunike akimaliza. Alikata vipande kwa kikatia kucha, akavipiga msasa kimoja kimoja, akaunga minyororo ya magurudumu pingili kwa pingili, na kufikia mwisho wa Aprili kifaru kilikuwa kimesimama, kijani kitupu, kinang'aa kama kimetoka kiwandani siku hiyo.

Hapo ndipo kazi yake ikageuka kichwa chini miguu juu. Mtu aliyeyafanya magari ya zamani yaonekane mapya alitakiwa sasa akifanye kitu kipya kionekane kimechoka, kama kifaru kilichotoka vitani. Alichovya kipande cha sponji kwenye rangi ya kahawia, akagusagusa kingo, ikawa kama rangi imebanduka kwa kugongwa, akapitisha rangi nyembamba ya kutu kwenye kila mfereji, akachunga udongo wa uani kwa chujio la chai, akauchanganya na gundi, akautupia chini ya magurudumu, juu yake akapaka vumbi la chaki. Ilimchukua wiki tano, saa mbili kwa siku, kwa kuwa zaidi ya hapo pumzi haikumruhusu. Mkewe alitoka kazini saa kumi na moja jioni na miguu imevimba, akasogeza makopo aweke sahani, akaiita kazi hiyo midoli, na ukweli ni kwamba katika wiki hizo tano hakukitazama kifaru kile hata mara moja.

Hakujua pia, kwa sababu ya ule mdomo mzito, kwamba Msasa alikuwa amejiandikisha. Maktaba ya mji ilitangaza maonyesho ya mashindano ya sanamu ndogo za vyombo vya usafiri na vya vita, ndege, meli na magari, Jumamosi tarehe 24 Juni, na kila kazi ingewekewa kadi iliyopigwa chapa yenye jina la aliyeitengeneza. Alimwambia mwenzake wa gereji, mnyoosha bodi tunayemwita Spana, ambaye yupo hapa, kwamba magari aliyoyapaka yamejaa mji mzima na hakuna hata moja linalosema ni kazi ya nani, na kwamba kabla hajafa anataka kuona kitu kimoja, hata kama ni kidogo, kimeandikwa Msasa. Spana alimjibu, "Basi jiandike kwenye paji la uso," lakini fomu alimpelekea yeye.

Jumatatu tarehe 12 Juni Msasa alikianika kifaru kwenye ukingo wa dirisha la uani, akaingia kulala. Mkewe aliporudi alikikuta kimejaa tope na kutu, akajua watoto wa jirani wamekiangusha kwenye dimbwi na kukirudisha kimyakimya, na huruma ikamshika, kwamba mgonjwa wa watu amehangaika na kitu chake halafu kinaishia hivi. Akachota maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga, mswaki wa zamani, akakisugua vizuri, pingili kwa pingili, kama anavyosugua kola za mashati ya hotelini, hata baadhi ya kijani ikatoka, kisha akakifuta na kukiweka kando ya kitanda, aamke akione.

Msasa aliamka, akakitazama, akauliza, "Mama watoto, umekiosha?" na mkewe akajibu kwa fahari kabisa, "Nimekiosha, kilikuwa kichafu hicho, hakitamaniki." Aliomba maji, akanywa, akageukia ukutani. Kesho yake jioni alisema maneno mawili tu, "Wiki tano," na Spana alipokuja kumwona ndiye aliyefunua mambo ya fomu, maktaba na kadi. Mke wake angependelea atukanwe. Mtu akikutukana unajua pa kumjibu, lakini mtu anayekula chakula chake chote, anasema asante na kugeukia ukutani, huna pa kumshika.

Siku mbili zilipita bure. Alhamisi mkewe aliomba ruhusa kazini, akamwambia amwonyeshe kinachofanyika, kwamba kama ni uchafu tu, yeye si mgeni katika uchafu. Wakaanza upya na rangi. Tatizo likawa mikono, maana dawa ya kuvuta ilimfungulia kifua lakini ilimtetemesha vidole, na ilipofika zamu ya tope Msasa alilipaka upande wa kulia peke yake, kwa shida, mkewe akimtazama, mpaka akashindwa kuvumilia, akasema, "Tope halikai hivyo, baba." Alimweleza anachokijua kwa miaka thelathini na sita ya kufua, kwamba tope la kurukia huwa na mkia unaoelekea nyuma, kwamba la jana hupauka na la leo hulalia juu yake, kwamba mahali watu wanapokanyaga halibaki, linasuguliwa likaacha pembezoni tu, tazama pindo la suruali yoyote. Msasa akamsukumia brashi, akasema, "Kushoto ni kwako." Siku ile waliongea kuliko walivyoongea mwaka mzima, na karibu yote yalikuwa juu ya tope.

Walimaliza Jumanne tarehe 20. Jumatano asubuhi pumzi ilimkatikia, akalazwa hospitali ya mji, wodi namba nne, kitanda namba kumi na moja, kwa hiyo Jumamosi mkewe ndiye aliyekibeba kifaru kwenye boksi la viatu, kwa miguu, Spana akitangulia kumfungulia njia kama wamebeba mayai. Karani wa maktaba alisema wangependa jina kamili la cheti, mkewe akamwambia liandikwe lile lililo kwenye fomu, kwamba hilo lingine hata mwenyewe halitumii, na kadi ikapigwa chapa, Msasa, Fundi Rangi, ikasimamishwa mbele ya kifaru, na watu wakapita mchana kutwa, wakainama, wakasoma.

Kifaru hakikushinda. Hili tunalisema wazi, kwa kuwa jana hapo nje walisikika watu wakisema marehemu alipewa kikombe, hakupewa kikombe, kikombe kilikwenda kwa mtu wa meli. Alichopata ni karatasi ya jaji, iliyosema kutu imekaa vizuri sana, rangi iliyobanduka inaaminika, na kwamba tope la upande wa kushoto ni la kweli kuliko la kulia, fundi ajiulize kwa nini. Msasa aliposomewa alicheka mpaka oksijeni ikaongezwa na muuguzi akawatoa wageni nje, na kila aliyekuja kumwona baada ya hapo alisomewa karatasi hiyo kabla hajaulizwa habari za nyumbani. Kadi aliomba iletwe, ikaegemezwa kwenye chupa ya maji juu ya kabati la kitanda, mahali ambapo anayeingia wodini lazima aione. Hadi wakati huo wahudumu walikuwa wakimwita kumi na moja, kumi na moja amekula, kumi na moja apimwe, na si kwa ubaya, wagonjwa ni wengi na wao ni wachache. Baada ya kadi, mmoja akaanza, wa pili akafuata, kufikia Julai hata mfagizi alisema, "Msasa, inua miguu."

Alirudi nyumbani mara moja, siku tisa, akalazwa tena tarehe 29 Julai, na safari hii mapafu hayakuitikia dawa. Mkewe alishinda naye mchana, binti mkubwa alikuja akitoka zamu, na marehemu hakuwa na maumivu makali, alichoka tu, kama mtu aliyemaliza kazi ndefu. Alifariki Jumanne tarehe 15 Agosti 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na tisa, mkewe akiwa njiani na uji. Muuguzi aliyepiga simu hakusema mgonjwa wenu, wala hakutaja namba ya kitanda, alisema, "Mama, njoo, Msasa ametutoka."

Familia inamshukuru daktari wa kifua kwa kusema ukweli mapema, wauguzi na wahudumu wote wa wodi namba nne, majirani waliopokezana kupika tangu juzi, na yule ambaye geti lake lilipakwa bila ruhusa, wafanyakazi wenzake mjane katika chumba cha kufulia waliomshikia zamu, karani wa maktaba, na mafundi wa gereji, ambao leo wamefunga kazi, na waliolipaka jeneza hili wenyewe. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili na ndugu watano.

Msasa, umechoka vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.