Komeo la Mlango wa Sauna

Sikilizeni wanangu, Tarja na Outi, sogezeni viti, maana sauti yangu haifiki mbali tena na sina nguvu ya kusema jambo mara mbili. Nimechoka. Si kwa maumivu, hayo dawa za muuguzi zinayatuliza. Nimechoshwa na siri niliyoibeba miaka ishirini na miwili, na leo naitua.

Nyumba na msitu baba yenu Eino alishavigawa kabla hajafa. Changu ni ile sauna ya ziwani tu, kibanda cha kuoga kwa mvuke nilichozaliwa ndani yake. Hiyo haigawanyiki, ni yenu nyote wawili, lakini kwa sharti.

Mnazikumbuka Jumamosi zetu: wanaume wakitoka tunaingia wanawake, mimi, mama yenu mdogo Lempi na ninyi, sote uchi kama tulivyozaliwa, tukimwagia mawe ya moto maji na kusengenya kijiji kizima. Kisha kiangazi kimoja nikashika uvimbe kwenye titi la kushoto, kama njegere. Daktari alitamka saratani kama mtu anayetaja bei ya samaki. Ninyi niliwadanganya kwamba naenda kutolewa mawe ya nyongo, nikarudi na titi moja.

Baba yenu alilitazama kovu, akasema, "Aune, mimi nilikuoa kwa ajili ya kahawa yako." Nilicheka hadi mshono ukauma, halafu nikalia. Sikumwogopa yeye. Niliwaogopa wanawake wenzangu, macho yao, na huruma yao zaidi ya macho. Basi nikapigilia komeo kwa ndani ya mlango wa sauna. Nani huku kwetu amewahi kufunga sauna kwa komeo?

Lempi aliutikisa mlango Jumamosi ya kwanza tu. "We Aune! Umeficha mwanamume humo, au siku hizi sisi tunanuka?" Nikajibu kichwa kinaniuma. Jumamosi ya pili kichwa, ya tatu kichwa. Akadhani nimemnunia kwa sababu ya cherehani ya mama aliyoichukua yeye, naye akanuna kweli kweli, miaka sita. Siku nilipoitwa hospitali kumwona, titi lake lilikuwa limeshakuwa kidonda. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, mbona hukusema?" Akajibu, "Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa umejifungia." Hapo ndipo nilipofungua blauzi. Akaligusa kovu kwa kidole. "Mjinga wewe," akasema. "Mjinga wewe, dada."

Tulimzika Alhamisi iliyofuata. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, kikamchukua yeye. Na hata hapo sikuling'oa komeo, maana niliona haya kuwaambia kwamba ningeweza kumwokoa.

Sasa wewe Outi, usitazame dirishani. Tangu Agosti unaoga wa mwisho, peke yako. Jumamosi Tarja alikuja hapa kitandani akiwa amenuna: "Mama, Outi kanifungia nje, eti kichwa kinamuuma. Sijui nimemkosea nini!" Mwanangu, kichwa hicho nakijua, kilikuwa changu. Na ile barua ya kukuita ukapigwe picha ya matiti nimeiona nyuma ya kopo la kahawa, haijafunguliwa.

Tarja, hukumkosea kitu, acha kununa. Kesho asubuhi mpeleke mdogo wako kwa daktari, ukae naye mpaka aitwe, uingie naye. Msiseme nani atabaki na mama. Mama anaweza kufa peke yake mchana mmoja, hatawalaumu.

Nikishakata roho msiniache nioshwe na wageni. Nibebeni saunani kama tulivyombeba bibi yenu, mnioshe ninyi wawili kwa maji ya vuguvugu, mlitazame kovu hili mpaka lisiwatishe. Kisha leteni bisibisi mling'oe komeo. Hilo ndilo sharti langu.

Mungu awaweke... awape uzee wa kuchosha kama wangu, na mtu wa kuwasugua mgongo. Nipeni maji kidogo. Inatosha.

Outi, njoo. Lete mkono. Hapa, kushoto... usiogope, kovu haliumi. Bonyeza. Umelisikia?

Haya, mwanangu. Sasa nionyeshe uvimbe wako uko wapi.