Bi Kahawia na Shahidi Wake

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Bi Kahawia, mtaalamu wa maabara katika kitengo chetu cha patholojia, anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 30 Juni. Jina lake halisi lipo, lakini ukilitaja pale mapokezi watakuuliza huyo ni nani.

Jina la utani alipewa na daktari bingwa wetu, kwa sababu makoti yake yote yana madoa ya kahawia yaliyoshinda kila sabuni. Ndiyo rangi ya kazi yake. Mwanamke mwenye saratani ya ovari akifanyiwa upasuaji, kipande cha uvimbe huletwa kwa Bi Kahawia. Hukikata chembamba, hukilaza kwenye kioo, kisha hutia rangi kutafuta protini zinazoshikamanisha seli. Kahawia ikikolea, seli bado zimeshikana, na daktari hupata la kumpa mgonjwa moyo. Ikikosekana, kioo kikabaki buluu tu, seli zimeanza kuachana, na ugonjwa wa namna hiyo husambaa upesi.

Zamani kipimo hiki kilipelekwa mbali. Ni yeye aliyewasumbua wakubwa mpaka kikaanza kufanyika hapa hapa. Mashine ya kutia rangi ilipoletwa, akawa anaisalimia kila asubuhi, akidai mfanyakazi mgeni asiposalimiwa hununa. Tulicheka, mpaka alipoenda likizo ikagoma.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa shahidi. Ndivyo anavyokiita kipande kidogo cha utumbo wenye afya anachokiweka kwenye kila kioo, kando ya kipande cha mgonjwa. Hicho lazima kigeuke kahawia. Kisipogeuka, kipimo kimeharibika na hakuna cha kusoma. Sisi wenye haraka tulimwona anajichosha bure.

Jumanne kililetwa kipande cha uvimbe wa dada yangu, ambaye ameniruhusu kuandika haya. Bi Kahawia alinikataza kukigusa, akasema mikono ya ndugu haitulii. Kioo kilipotoka nilinyata hadi kwenye hadubini hata hivyo. Kilikuwa buluu tupu, kahawia hakuna hata chembe. Nikaanza kuwaza nitamwambia nini mama.

Bi Kahawia alinisogeza, akakisukuma kioo kidogo pembeni, akatazama.

“Umemwangalia mgonjwa,” alisema. “Shahidi hukumuuliza.”

Shahidi naye alikuwa buluu tupu. Friji ilikuwa imezima na dawa ya kutia rangi iliyokuwemo ikaharibika. Kioo kile hakikuwa na habari yoyote, njema wala mbaya.

Dawa mpya imefika leo asubuhi, na ninaandika haya kioo cha pili kikiwa ndani ya mashine. Bi Kahawia amekaa mbele yake, mkoba magotini. Leo hakuisalimia, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Ukumbini keki iko tayari na kiti cha mbele ni chake. Amesema haendi kabla ya shahidi kusema. Mkikikuta kiti kitupu, mjue tuko wapi.

Bi Kahawia, asante kwa yote. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua likuamshe, na afya isikupungukie. Ila usiende kwanza. Kaa nami kidogo, kioo kitoke.