Opereta na Sanduku Lake Zito

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika: sanduku mnaloliona kando ya jeneza, lenye kitambaa cha kahawia usoni na waya uliopitishwa dirisha la jikoni, si kipaza sauti cha msiba. Ni amplifaya ya marehemu, ile aliyopigia gitaa maisha yake yote. Mumewe amelibeba mwenyewe asubuhi hii kutoka sebuleni hadi hapa uani, akamkatalia kila aliyenyoosha mkono kumsaidia, na ameliwasha sasa hivi. Marehemu alikuwa akisema kwamba taa zake huwaka upesi lakini sauti yake haiivi upesi. Basi tuliache lipate moto wakati wasifu huu ukisomwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, adhuhuri, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa karani wa stesheni na mkewe mshonaji. Inasemekana alilia kwa nguvu hata baba yake, aliyekuwa zamu ng'ambo ya reli, akasikia na kujua kwamba mambo yamekwenda salama. Babu, yaani karani huyo, alipenda sana kuisimulia hadithi hiyo, na kila alipoisimulia stesheni ilisogea mbali kidogo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli kuanzia 1958 hadi 1965, kisha sekondari ya wasichana, ya bweni, aliyoimaliza mwishoni mwa 1969. Alikuwa mzuri wa hesabu. Kwaya ilimshinda, mwalimu wake alimwomba kwa upole awe anafungua mdomo tu. Muziki aliupata likizoni, kwenye kibanda cha mjomba wake, fundi redio, ambaye mteja mmoja alimletea gitaa la umeme litengenezwe waya, kisha hakuonekana tena. Mjomba akaligeuza kuwa gitaa la kujaribia mashine. Kazi ya mpwa wake ilikuwa kuketi juu ya kreti na kupiga uzi mmoja mfululizo, huku yeye akitafuta unapotokea mvumo kwa chuma cha kulehemu.

"Piga," alikuwa akimwambia. "Piga tena. Mbona umeacha?"

"Mjomba, uzi huu umenichosha."

"Basi piga wa pili."

Ndivyo alivyojifunza gitaa, kwa kuchoshwa na uzi mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza shule, mjomba alimpa lile gitaa, na akamuundia amplifaya kwa viungo vya redio zilizokufa: kipande cha bati, taa tatu za kioo za kukuzia sauti, spika moja, tundu la kuchomekea na kidude kimoja tu cha kuzungushia sauti. Hakikuwapo cha besi wala cha mwangwi. Marehemu aliuliza vidude vingine viko wapi. Mjomba alimshika vidole akamwambia, "Hivi hapa."

Tarehe 1 Agosti 1971 aliajiriwa na hospitali kuwa opereta wa simu, na jina hilo la Opereta likamganda mpaka majirani wengine wakasahau lile la kuzaliwa. Alifanya kazi katika chumba kidogo chini ya ngazi, mbele ya ubao wa matundu na nyaya, akiunganisha wodi na maabara, madaktari na wake zao, na watu wenye wasiwasi na mtu wa kuwajibu. Hakuwahi kumfokea mpigaji. "Subiri kidogo, nakuunganisha," alisema, na mtu aliyekuwa akipiga kelele alijikuta anasubiri. Nyumbani pia alitumia maneno hayohayo. Mtoto akiomba viatu vipya aliambiwa, "Subiri kidogo, nakuunganisha na baba yako." Alistaafu kwa heshima tarehe 30 Juni 2004, ubao ule ulipoondolewa na chumba chake kikawa stoo ya mifagio.

Jumamosi alipiga gitaa katika bendi ya wafanyakazi wa hospitali. Mpiga ngoma alikuwa mpishi, na mpiga besi alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, kwa hiyo zipo nyimbo zilizoanza na besi zikaisha na king'ora. Wanaomkumbuka enzi hizo wanasema sauti yake ilikuwa laini akipiga polepole, na akikaza mkono ilikwaruza kidogo, kama mtu anayeongea baada ya kulia. Hiyo ilitokana na zile taa tatu, lakini ilitokana naye pia.

Kufikia mwaka 1973 amplifaya hiyo ilikuwa bado haina nyumba. Aliitembeza ndani ya katoni la sabuni, taa zikiwa wazi, na siku moja ilimpiga shoti mbele ya ukumbi mzima. Kesho yake aliipeleka kwa seremala kijana aliyekuwa na karakana mtaa wa nyuma ya hospitali. Alimweleza taratibu: sanduku la plaiwudi, jepesi, lenye mpini, aweze kulibeba kwa mkono mmoja na gitaa kwa mwingine. Seremala alipima huku na huku akamwambia arudi Alhamisi.

Alhamisi alikuta sanduku la mbao ngumu, nene vidole viwili, lililounganishwa pembeni bila msumari hata mmoja na kung'arishwa likang'aa. Lilikuwa zuri mno. Alishika mpini akanyanyua, na sanduku halikutikisika.

"Fundi, si nilikwambia jepesi?"

"Nilisikia."

"Sasa nitalibebaje mimi?"

Seremala alipangusa vumbi la mbao mikononi. "Kwani Jumamosi unapiga wapi?"

Jumamosi hiyo alilibeba yeye. Iliyofuata pia. Alipoulizwa kwa nini hakutumia plaiwudi, jibu lake lilikuwa kwamba ilikuwa imeisha. Marehemu alishuhudia mara nyingi, mbele ya watoto na wageni, kwamba siku ile mbao za plaiwudi zilikuwa zimeegemezwa ukutani nyuma ya mgongo wa seremala huyohuyo. Naye alikuwa akiendelea kunywa chai yake. Kesi hiyo haikupata hukumu kwa karibu miaka hamsini.

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974 na kujaliwa watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja, kitindamimba. Bi harusi alijipigia mwenyewe muziki wa harusi yake, na wimbo wa mwisho siku hiyo ulikuwa ule aliofungia dansi kila Jumamosi, wimbo wake usiokuwa na jina wala maneno. Watu waliuita Wa Kwenda Nyumbani. Seremala aliendelea kubeba. Kwa kuwa alikuwa akiingia ukumbini na sanduku begani, wageni walimdhania ndiye mpigaji na kumpongeza. "Shemeji, vidole vyako vina dawa!" walimwambia. Alikuwa akijibu, "Vya kubebea tu, bwana. Mwenye dawa yuko nyuma anakuja." Na jamaa akisema sanduku halionekani zito kiasi hicho, marehemu alimjibu kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kisha akamwomba ajaribu kulinyanyua.

Mwaka 1988 mwenye duka moja la vyombo vya muziki aliikopesha bendi amplifaya ya kisasa, nyepesi kama sufuria tupu, yenye vidude visivyohesabika. Marehemu aliibeba mwenyewe kwenda ukumbini, kwa mkono mmoja, kama alivyotaka toka mwanzo. Seremala alimfuata nyuma mikono mitupu. Mpishi wa ngoma alisimulia baadaye kwamba usiku ule mwanamume yule hakujua pa kuiweka mikono yake. Aliitia mifukoni, akaitoa, akaifunga kifuani, mwisho akaenda kushika mlango wa ukumbi ambao haukuhitaji kushikwa. Jumatatu marehemu aliirudisha mashine dukani. Alisema ina sauti ya bati. Jumamosi sanduku lilirudi begani, na Seremala akaonekana akipiga mluzi.

Tarehe 14 Juni 2021, akiwa jikoni akiosha vikombe, marehemu alipatwa na kiharusi. Alilazwa wiki tatu katika hospitali aliyoitumikia. Alirudi na maneno yake yote na utani wake wote, lakini mkono wa kushoto haukurudi. Kwa mpiga gitaa, mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Wa kulia bila huo unapiga kelele tu. Alifunika sanduku kwa shuka akamwambia mumewe ampe mtu anayelihitaji. Kipindi hicho kilikuwa kigumu kwa nyumba nzima. Hatukuwahi kuona sebule ile imenyamaza hivyo.

Seremala hakumpa mtu. Miezi minne baadaye, alasiri moja, alitoa shuka, akawasha, akampakatisha mkewe gitaa, kisha akavuta kiti akaketi kushoto kwake na kuweka mkono wake mwenyewe kwenye shingo ya gitaa.

"Niambie nibane wapi," alisema.

"Wewe?"

"Unamwona mwingine humu?"

Wakaanza. Yeye alibana, mkewe akapiga. Haikuwa kazi rahisi, kwani kidole chake cha mwisho kilipunguzwa na msumeno mwaka 1983, na vilivyobaki vilikuwa vigumu kama magome. Aliyepita nje ya dirisha siku hizo alisikia masomo yenyewe. "Cha pili. Nimesema cha pili, hicho cha tatu! Fundi mzima anapima milango, kuhesabu vidole hawezi?" Ilichukua karibu mwaka, lakini Wa Kwenda Nyumbani ulirudi, na sauti moja imekosekana pale panapohitaji kile kidole. Marehemu alisema ameuzoea hivyo. Katikati ya masomo hayo ndipo alipouliza tena, bila kumtazama, kama kweli plaiwudi ilikuwa imeisha.

"Haikuisha," alisema Seremala.

"Nilijua." Alipiga nyuzi kidogo. "Na wewe ulidhani mji mzima huu ulikuwa na seremala mmoja? Ningetaka jepesi, si ningekwenda kwa mwingine?"

Seremala alicheka mpaka ikabidi gitaa liwekwe chini. Sasa mnajua pia kwa nini ile mashine ya dukani ilikuwa na sauti ya bati.

Desemba 2023 alianza kudhoofika. Alimpigia simu kitindamimba wake, mwalimu wa hesabu anayeishi mbali na asiyekuwa akija mara kwa mara kama alivyopaswa, akamwambia, "Njoo. Nina kazi na mkono wako wa kulia." Binti huyo aliwahi kukataa gitaa akiwa mdogo kwa sababu vidole vinauma. Safari hii mama yake alimkalisha pembeni ya kitanda na kumfundisha kupiga tu. Kubana hakumfundisha.

"Mama, si ungemfundisha baba mikono yote miwili?"

Marehemu alieleza kwamba amejaribu. Kila mkono ulifanya vizuri ukiwa peke yake. Ikiunganishwa, wa kulia ulipigilia misumari. Kisha akatabasamu kwa upande wa mdomo uliobaki wa kutabasamia.

"Halafu akijua yote mawili, nani atakuja kumtembelea?" alisema. "Usimwachie baba yako nusu wimbo."

Binti alijifunza. Alikuja kila mwisho wa wiki, Desemba yote na Januari yote. Marehemu alisahihisha akiwa amelala, kwa kupiga shuka kwa kidole.

Marehemu aliaga dunia Ijumaa tarehe 2 Februari 2024, alfajiri, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono wa kushoto. Tunawashukuru wauguzi waliokuwa wakifika nyumbani, majirani wa mtaa huu, na wazee wawili wa bendi waliobaki, ambao wamekaa mstari wa mbele na wameahidi kwamba leo hakuna king'ora. Tangu siku hiyo mpaka leo asubuhi Seremala alikuwa hajaliwasha sanduku wala kuligusa gitaa. Jana wana wake walimwambia kwa nia njema kwamba si lazima apige leo. Aliwajibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, lakini bado ana vinne na nusu, na kwamba kinachokosekana ni mwenzake wa kupiga.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake wa kiume, na wimbo mmoja unaohitaji watu wawili.

Mungu amlaze pema mama yetu, Opereta wetu, na ampe utulivu kama aliowapa wengi waliopiga simu wakiwa na hofu. Sanduku limeshapata moto. Baba ameshaketi na mkono wake uko kwenye shingo ya gitaa, na kiti cha kulia kwake kiko wazi. Anayesoma wasifu huu ni yule kitindamimba, na sasa anaiweka karatasi hii chini, kwa sababu mkono wake wa kulia unahitajika.