Hesabu ya Kumi ya Fundi Kidole

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mwashi na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mtaa mzima ulimwita Kidole, na hata mdogo wake, anayewasomea haya, hakumwita vingine tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akaingia chuo cha ufundi mwaka 1969 na kuhitimu 1971, wa pili darasani. Wa kwanza, alisema, alikuwa bingwa wa kukariri. Hilo ndilo neno baya pekee tulilowahi kumsikia akimsema mtu.

Januari 1972 aliajiriwa katika karakana ya kituo cha redio. Wiki ya tatu akapewa kikuza sauti, afunge transista mpya kwenye bapa la alumini lenye mapezi, lile linaloondoa joto. Kwenye bapa palikuwa na kijikaratasi cha madini ya mika, chembamba kama ganda la kitunguu. Akadhani ni kifungashio kilichosahauliwa. Akakibandua, akafuta vizuri, akafunga. Alipowasha, moshi ukatoka, na redio ikanyamaza dakika arobaini katikati ya taarifa ya habari. Msimamizi wake hakufoka. Alikiokota kile kijikaratasi kwenye pipa la taka akamwambia, "Hiki hupitisha joto, umeme hukataa. Umemtupa bawabu." Kidole alikitazama hadi chai yake ikapoa. Kitu chepesi hivyo, pumzi tu ingekipeperusha, na kinajua kipi kipite na kipi kisipite! Mshangao huo haukumtoka miaka hamsini na mbili.

Hapo ndipo ilipoanza desturi iliyompa jina. Kila kazi aliiwasha saa nzima, akaizima, akachomoa waya ukutani, kisha akaweka kidole juu ya transista na kuhesabu hadi kumi. Kidole kikiruka kabla ya kumi, alifungua upya, mteja anung'unike asinung'unike.

Tarehe 8 Desemba 1979 alimwoa mshonaji wa mtaa wa pili. Walijuana alipokwenda kumtengenezea redio, mshonaji akamwona akipaka grisi nyeupe kiduchu chini ya transista.

"Fundi, mbona bahili hivyo?"

"Ikizidi inageuka blanketi. Kazi yake ni kuziba nyufa tu, na usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta, najua. Paka basi twende."

Shemeji husema aliolewa na mtu asiyezidisha kitu isipokuwa sukari.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2022, na baadaye akawa anapumua kwa mashine ya oksijeni kando ya kitanda. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 26 Januari 2024, mashine ikazimika. Mtungi wa akiba ulikuwa na hewa ya saa tano. Bintiye wa kwanza, fundi aliyefunzwa naye, akakuta transista imeungua, akafunga mpya. Saa mbili zilikuwa zimekwenda. Akataka kumrudisha kwenye mashine papo hapo.

"Bado saa yangu," baba akasema.

"Baba, mtungi unakwisha."

"Basi usiumalize kwa kubishana."

Ikawashwa saa nzima, ikazimwa. Kidole cha mzee kikafika nne, kikaruka.

"Fungua, mwanangu. Tazama ukingo wa tundu la skrubu."

Kweli, palikuwa na ukucha wa alumini uliobaki tundu lilipotobolewa, mdogo hata kwa taa ulionekana kwa shida, umeiinua transista upande mmoja. Binti akaukwangua, akaweka mika mpya, akapaka grisi, akakaza skrubu kwa zamu. Saa nyingine ikapita. Safari hii kidole kilitulia hadi kumi, na mtungi ulikuwa umebakiwa na dakika ishirini. Mzee akacheka kidogo akasema, "Hii itanizika."

Ikamzika. Jumanne, tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, alivuta pumzi ya mwisho, sote tukiwa chumbani, akiwa na miaka 72. Mashine ilikuwa bado inavuma. Binti aliizima, akachomoa waya, akafungua kifuniko, akaweka kidole pale baba yake alipoweka. Tulimsikia akihesabu. Alipofika kumi hakukiondoa.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, mdogo wake huyu, na redio nyingi ambazo bado zinazungumza. Alihangaika miaka yote kupoza vya wenzake. Sasa na apumzike yeye, kwa amani.